Mifupa ya Ng'ombe, Mifupa Yangu

Kwa miaka mingi nilikana kwamba nimepungua urefu. Nilisema marinda ya siku hizi yanashonwa marefu. Nilisema fundi aliyekarabati maabara alipandisha rafu bila kuniuliza. Nilisema viatu vyangu vimeisha soli. Mtu mwenye shahada ya kemia hakosi maelezo, na hiyo ni moja ya hasara za kusoma. Sasa nimestaafu, sina maabara wala rafu ya kusingizia, kwa hivyo naandika waziwazi: nimepungua, mifupa yangu ni dhaifu, na nilijua hivyo muda mrefu kabla ya kukubali.

Ninyi mliobaki kwenye tanuri la karakana yetu ya vichujio vya maji mliniomba niandike kumbukumbu za kazi. Nadhani mlitaka habari za miradi na vyeti. Vyeti viko ukutani, mnaweza kuvisoma mkisubiri maji ya chai yachemke. Mimi nitaandika kuhusu mifupa, kwa sababu ndiyo niliyoshinda nayo maisha yangu yote ya kazi: ya ng'ombe mezani, na yangu mwenyewe ndani ya koti jeupe.

Nilikuja kuomba kazi Nakuru nikiwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, na sketi ya kuazima. Aliyenihoji alikuwa mkemia mkuu, Madam Chepkoech, mwanamke mrefu aliyechomeka kalamu kwenye nywele na kuisahau huko siku nzima. Aliniuliza maswali ya kemia, nikayajibu kwa kujiamini kuliko nilivyostahili. Kisha akasema kitu kuhusu profesa fulani tuliyemjua sote, nikacheka. Tangu utotoni nilikuwa nimejizoesha kucheka mkono ukiwa mdomoni. Siku hiyo mikono yote miwili ilikuwa imeshika bahasha ya vyeti, kwa hivyo akayaona meno yangu.

"Umezaliwa wapi?"

"Njoro, Madam."

"Maji ya kisima?"

"Ya kisima."

"Basi wewe ulianza kazi hii kabla yetu. Jumatatu uje na viatu vilivyofunika vidole."

Kwa msomaji asiye wa kwetu, nieleze. Maji ya ardhini katika Bonde letu hupita kwenye mawe ya volkeno na kubeba madini ya floraidi. Ikiwa kidogo, haina neno. Ikizidi, meno ya mtoto yanaota yakiwa na madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki utakaoyatoa. Mtu akiendelea kuyanywa maji hayo miaka nenda miaka rudi, floraidi inaingia hata kwenye mifupa. Dawa yake, kwenye karakana yetu, ilikuwa mifupa vilevile. Tulikusanya mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni, tukaichoma kwenye tanuri lenye hewa kidogo mpaka ikawa mkaa, tukaisaga, tukaijaza kwenye ndoo za kuchujia. Maji yakipita polepole, mkaa ule unaikamata floraidi kabla haijafika kwa mtoto. Ng'ombe aliyekufa anatoa mfupa wake ili wa mtoto usiharibike.

Siku yangu ya kwanza nilitapika mara mbili nyuma ya tanuri. Harufu ya mifupa inayoungua haifanani na ya nyama choma, hata kidogo. Inashika nywele, inashika mkoba, inashika mpaka mkate uliobeba. Kwa miaka yangu yote ya kazi, kwenye harusi za ukoo nilikuwa napata kiti bila shida, na viti viwili kila upande vikabaki wazi.

Madam alinifundisha kuutambua mkaa kwa macho kwanza, kisha kwa ulimi, mita ya maabara ikifuata mwisho. Uliobaki na ukahawia haujaiva, na ndoo yake itatoa maji yenye ladha ya supu ya jana. Uliogeuka mweupe umeungua kupita kiasi, hauna nguvu ya kukamata chochote. Mzuri ni wa kijivu kinachokaribia weusi, na ukiuweka kwenye ncha ya ulimi unanata kidogo kwa sababu ya vitundu vyake vidogo. Nilipoandika hilo kwenye maelezo ya kazi, mkaguzi mmoja alitaka kujua ulimi huo unasanifishwa vipi. Madam alimwambia, "Kwa chai isiyo na sukari."

Kuna mambo chuo hakikunifundisha. Ndoo zetu tulizinunua kwa Bwana Jayesh, Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi katikati ya mji, na kwa kuwa meno ya wajukuu wake yalikuwa yameanza madoa, nilimpelekea kichujio cha bure nikijiona msamaria mkubwa. Alikizunguka kama mtu anayekagua gari lililopata ajali.

"Bibi, ndoo nitakuuzia hata mia. Lakini mimi kunywa maji imepita kwa mfupa ya ng'ombe? Hapana. Mama yangu ako juu anaona."

Nilianza kumweleza kwamba mfupa ukishafika kwenye joto lile hakuna tena kitu cha ng'ombe ndani yake. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akanipa soda. Nilirudi kwa Madam nikilalamika kuhusu ushirikina. Hakucheka.

"Kichujio ambacho mtu hatakinywea kinachuja nini?" akaniuliza. "Rudi umwambie habari ya mabati na tangi. Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba wala kwenye ng'ombe."

Bwana Jayesh akajenga tangi kubwa kuliko la kanisa letu. Mimi nikapata somo ambalo lilinichukua miaka thelathini kulielewa: suluhisho zuri kuliko yote kwenye karatasi linaweza kuwa si zuri kwa mtu aliyekaa mbele yako.

Lakini swali ambalo Madam alijulikana kwalo lilikuwa jingine. Kila mtu alipokuja na habari njema, awe mfadhili, mhandisi au mimi na mchoro wangu wa kichujio kipya, alimwacha amalize, akaitoa kalamu kichwani, na kuuliza: "Na ya pili iko wapi?"

Alimaanisha shehena ya pili ya mkaa. Mkaa wa mifupa hujaa. Ukishajaa, haukamati tena, na hautoi ishara yoyote. Maji yanaendelea kutoka safi, baridi, matamu, na floraidi yote ndani. Ukiviweka bega kwa bega, kichujio kilichochoka na kichujio kipya vinafanana kama pacha. Mtu akiwa na fedha za kuanza tu, Madam alimshukuru na kumsindikiza mpaka getini.

Mara moja alizidiwa nguvu. Shule moja upande wa Elementaita iliwekewa kichujio kikubwa kabla hajapata jibu la swali lake. Waliokuwa juu yake walitaka picha, na picha zikapigwa. Mbuzi alichinjwa, wazee wakahutubu, watoto wakaimba. Mwalimu mkuu, Bi Naserian, alifurahi sana hata akaliuza tangi kuukuu la mvua ili anunue madawati. Kisha gari la karakana likaharibika, bajeti ikahamishwa kutoka ofisi moja kwenda nyingine, na shehena ya pili ikabaki kwenye magunia, kwenye ghala letu, ninyi mnalijua, pale kushoto unapoingia.

Tuliporudi kupima, niliweka kifaa ndani ya maji ya bomba la jikoni na nikadhani kimeharibika. Nikakisuuza, nikarudia. Kisha nikapima kisima chenyewe. Yalikuwa maji yaleyale. Watoto walikuwa wameyanywa mihula kadhaa wakiamini yametibiwa, na safari hii hawakuwa hata na mvua ya kuyapunguza makali, kwa sababu tangi lilikuwa limeuzwa. Tuliwakuta bila kitu. Tuliwaacha wakiwa na kitu kibaya kuliko kutokuwa na kitu.

Bi Naserian hakupaza sauti. Alisimama na mikono nyuma, akatazama ile ndoo kubwa ya buluu yenye majina yetu.

"Mlituletea kitu kizuri," alisema. "Shida ni kwamba mlikuwa mnajua kinataka nini, na sisi hatukujua."

Tulipofika Nakuru Madam aliingia ghalani, akaanza kupakia magunia yeye mwenyewe, na viatu vyake vya ofisini. Baadaye alistaafu akaenda Keringet kulima viazi, na huko ndiko tulikomzika. Nilichukua ofisi yake. Kalamu kichwani sikuweza, nywele zangu ni chache.

Ugonjwa ulianza na vidole. Asubuhi havikunjiki, kufikia chai ya saa nne vinalegea, jioni vimevimba. Nilisema ni baridi ya mlima Menengai. Kisha ikawa viganja, magoti, nyayo, pande zote mbili kwa pamoja kama watu waliopatana. Hospitalini walisema ni baridi yabisi ile mbaya, ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vyake yenyewe. Nikapewa dawa ya kila wiki ya kuituliza kinga, na nikapewa vidonge vya prednisoloni vya kushusha uvimbe na kunishikilia hadi hiyo nyingine ianze kufanya kazi.

Nitawaambia kuhusu prednisoloni. Ni mgeni anayekuja na zawadi. Siku ya pili nilifungua chupa za maabara kwa mkono mmoja, nikapanda ngazi nikiimba. Mgeni kama huyo humfukuzi. Nilitakiwa kuipunguza polepole mpaka niiache, lakini kila nilipokaribia kuiacha kulikuwa na warsha, au wageni, au msimu wa sampuli, nikaongeza kidogo. Akakaa miaka. Na wakati nikimshukuru sebuleni, yeye alikuwa huko nyuma anauza viti vyangu kimoja kimoja. Dawa ile ikitumika muda mrefu inaula mfupa, na uvimbe wenyewe wa baridi yabisi unaula pia. Nilikuwa naliwa kutoka pande mbili.

Niliambiwa hayo. Nilikuwa na jibu. Sisi wa Njoro tulikuwa na utani wetu: meno ya kahawia, mifupa ya chuma. Niliurudia mara nyingi kiasi cha kuuamini. Nilipovunjika kifundo cha mkono langoni kwangu Kiamunyi, kwa kuteleza tu, nilisema lango ndilo bovu. Na nilipopimwa uzito wa mifupa ya mgongo kwa mashine, majibu yakaja mazuri. Mazuri kabisa! Nikaikunja ile karatasi na kutembea nayo kwenye mkoba, nikimwonyesha kila aliyeniambia nikae chini.

Kisha ikaja ile siku mnayoikumbuka. Niliinama kuinua gunia la mkaa uliosagwa, dogo, ambalo hata mgeni angeweza kulibeba. Kitu kikatoa mlio ndani ya mgongo wangu, kama kijiti kikavu kikivunjika. Mliniona nikikaa juu ya gunia lile na kusema napumzika. Sikuwa napumzika. Nilikuwa namfikiria mama yangu. Alivunjika nyonga akitoka chooni kule Njoro, akiwa na akili zake zote na mipango ya kupanda maharagwe. Hakuwahi kutoka kitandani tena. Alikufa akiulizia mvua.

Daktari Halima ndiye aliyekuwa akinitibu viungo. Ni mzaliwa wa Nakuru, ingawa babu zake walitoka Pwani, na bado anazungumza Kiswahili kinachonifanya nijisikie niko mtihanini. Nilimwekea mezani ile karatasi yangu ya mashine. Aliisoma. Akaweka pembeni yake picha mpya ya eksirei, iliyoonyesha pingili moja ya mgongo imebonyea upande mmoja.

"Mama Nyambura," alisema, "wewe huwafundisha nini watu vijijini kuhusu mfupa uliojaa floraidi?"

Nilikuwa na onyesho langu maarufu. Ninyi mmeniona nikilifanya kwenye mabaraza, na baadhi yenu mnaniiga vibaya. Nachukua kipande cha chaki, nakiminya kwa vidole, hakibonyei. Nawaambia akina mama, tazameni, ni kigumu. Kisha nakikunja kidogo tu, kinakatika.

"Nawaambia ni mzito lakini ni mkavu," nilisema. "Mashine ikiupima utaonekana mzuri. Ukiukunja..."

Sikumaliza. Yeye naye hakunimalizia, na kwa hilo namshukuru. Nilikuwa nimewaeleza mamia ya watu kile nilichokataa kujieleza mwenyewe, na kwa chaki mkononi.

"Basi namba hii ya mgongo tusiitegemee," alisema. "Tutapima nyonga, na tutapima mkono." Tukapima. Sitaandika yaliyotoka. Daktari alisema tu kwamba pingili moja ikivunjika kwa kuinama, mfupa unaofuata hauko mbali, na ule anaouogopa yeye ni nyonga. Nilimwambia naujua.

Hapo ndipo tulipoanza kupima dawa ipi inanifaa, na nawasimulia kwa kirefu kwa sababu wawili wenu mna mama wenye ugonjwa huu na mmeniuliza. Jambo la kwanza alilofanya hata si dawa ya mifupa. Alinibadilishia ile ya kutuliza kinga ili viungo vitulie, na akaanza kumwondoa yule mgeni wangu, prednisoloni, kidogo kidogo, bila kumruhusu arudi kwa kisingizio cha warsha. Alisema hakuna maana ya kujaza ndoo inayovuja.

Tulianza na vidonge vya mara moja kwa wiki. Unameza asubuhi kabla ya chochote, na glasi nzima ya maji, kisha unakaa au kusimama wima nusu saa bila kulala, bila kula. Ni dawa ya siku nyingi, na imewasaidia wengi. Mimi koo na tumbo vilikuwa vimechomwa miaka mingi na vidonge vya maumivu. Kila Jumapili, siku yangu ya kidonge, nilihisi kaa la moto nyuma ya kifua. Kulikuwa pia na kichekesho ndani yake: mgongo ulionipeleka kwa daktari ndio uliotakiwa kunisimamisha wima ili nipone. Daktari akavisimamisha.

Kuna sindano ya kila siku inayojenga mfupa mpya. Bei yake haikuwa ya pensheni yangu, na kwa vidole hivi kujidunga kila siku lingekuwa jambo la kutazamwa na majirani. Tena, kwa mfupa uliokunywa floraidi tangu utoto, Daktari Halima alisema wazi kwamba hana hakika. Nimefanya kazi na wataalamu wengi. Wanaosema hawana hakika ni wachache, na ndio ninaorudi kwao.

Zikabaki mbili. Ya kwanza ni dripu ya mara moja kwa mwaka. Inapita kwenye mshipa, inaingia mfupani na kukaa humo. Inataka figo ziwe nzuri na vitamini D iwe imejazwa kwanza, na inaweza kukupa homa na maumivu ya mwili siku chache za mwanzo. Nilizisikia hizo siku chache kuliko nilivyosikia mengine yote. Mtu mwenye baridi yabisi haongezewi maumivu kirahisi, hata kwa ahadi ya mwaka mzima.

Ya pili ni sindano ya kila miezi sita, chini ya ngozi, hapa mkononi. Hakuna kulala kitandani, haisumbui figo, homa si kawaida yake. Nilishaipenda kabla hajamaliza sentensi.

"Lakini hiyo haikai mfupani," alisema Daktari Halima. "Ukiianza, usichelewe. Ukichelewa miezi, mfupa unashuka kwa kasi, na pingili zinaweza kuvunjika kadhaa kwa pamoja. Mtu anaweza kuwa na hali mbaya kuliko kabla hajaanza. Na ukitaka kuiacha, lazima dawa nyingine ishike nafasi."

"Mimi sichelewi miadi, Daktari. Nimekuwa serikalini."

"Ndiyo sababu nina wasiwasi," alisema.

Vyovyote ningechagua, jino langu moja bovu lilikuwa lazima ling'oke kwanza. Dawa hizo mbili zinaweza, kwa nadra, kuzuia taya kupona baada ya jino kung'olewa, kwa hivyo gego lililooza linaondolewa mapema na kidonda kinaachwa kipone. Daktari wa meno alinifungua mdomo, akawasha taa.

"Njoro?" aliuliza.

"Nnh-ho," nilijibu, kwa kadiri inavyowezekana na vyuma mdomoni.

Wiki za kusubiri taya lipone nilizitumia kumtangazia kila mtu kwamba nitachomwa sindano. Figo zilikuwa zimepimwa, ziko sawa. Daktari Halima alikuwa amesema anakubali mojawapo, nimpe jibu. Sikuwa na sababu ya kuikataa dripu isipokuwa woga wa siku chache, na kwa kuwa mimi ni msomi, niliupa woga huo majina mazuri. Nilisema sindano ni ya kisasa. Nilisema haina usumbufu. Hata niliamini kwamba nimefanya utafiti. Usiku nilimwona mama akiulizia mvua, na asubuhi nikasema tena: sindano.

Ilikuwa inaletwa kutoka Nairobi kwenye sanduku la baridi, kwa oda, na duka la dawa la kliniki ndilo lililoniagizia. Mfamasia wake, Moraa, ni msichana mchangamfu anayewapigia wagonjwa simu yeye mwenyewe badala ya kutuma ujumbe. Alinipigia nikiwa barazani kwangu Kiamunyi, nimepanga vidonge vyangu vya kalsiamu juu ya ukuta kama mwuza njugu.

"Sasa mathe! Nina habari poa. Dawa yako imefika."

"Imefika? Ile sindano?"

"Hiyo hiyo. Ilikuwa imepotea potea huko, walikuwa wameishiwa, lakini nimepigana nao wakanipatia moja. Iko kwa friji, nimeandika jina lako. Kuja hata kesho, inaisha kwa dakika, unaenda nyumbani."

Nilifurahi. Nasema kweli, nilisimama kutoka kwenye kiti bila kujishika, jambo ambalo sikuwa nimelifanya miezi mingi. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo nimwambie asante, nitakuja asubuhi. Nikaona ndoo ya buluu. Nikamwona Bi Naserian amesimama na mikono nyuma. Na sauti iliyotoka kinywani mwangu haikuwa ya shukrani.

"Moraa, na ya pili iko wapi?"

"Ya pili gani, mathe?"

"Ya baada ya miezi sita."

"Aii, hiyo si bado?" Alicheka. Mimi sikucheka, akaacha. Nikasikia karatasi zikifunuliwa, kisha droo ikifungwa. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka, ya mtu anayezungumza na mama yake. "Mathe, nisikudanganye. Hata hii nimeipata kwa bahati. Hiyo ya pili, tuombe Mungu."

Nikaketi. Polepole, kwa kujishika.

"Tutaomba," nilimwambia. "Lakini hiyo mpe mtu ambaye ya pili yake inajulikana iko wapi. Na umwambie Daktari Halima aniandalie kitanda cha dripu."